Karani wa Uwanja wa Mazulia

Hyattsville, Maryland
Jumapili, 17 Agosti 2025

Ami yangu Badawi,

Shikamoo. Najua hutaitikia sasa hivi, maana wewe ukipewa karatasi yoyote huisoma mpaka chini ndipo ufungue mdomo, hata iwe risiti ya mafuta. Basi naiacha shikamoo yangu hapa juu, uje uirudie ukimaliza.

Sisi huku hatujambo. Mgongo wa Baba umetulia tangu ghalani walipomtoa kwenye kupakia wakamweka kwenye foklifti, na sasa anatamba kwamba yeye pia ni dereva, usijione peke yako. Mama yuko na zamu zake nne kwa wiki kule kwenye nyumba ya wazee, na kila Alhamisi anapika kana kwamba bado unapita. Juzi alipakua sahani nne nasi tuko watatu. Akaitazama ile ya nne, akaifunika, akaitia kwenye friji. Wewe je, hali yako? Lile goti la klachi linakusumbua bado? Unapata chakula cha moto, au ni yale mayai ya kuchemsha ya vituo vya mafuta ambayo ulisema yamenizidi umri?

Barua hii atakuletea Sebastian, dereva mwenzako, pamoja na mkate wa sinia wa Mama. Alipiga simu akasema mtakutana Santee, kule Carolina, siku ya Jumanne, na kwamba atapita hapa alasiri hii kuchukua mzigo. Kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi alisema barua hataifungua hata kidogo, lakini kwa habari ya mukate yeye hatoe ahadi. Kwa hivyo ukiona mkate umepungua, usimwulize Mama.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Ami, wanijua. Nikikupigia wanipokea kwenye spika, injini inanguruma, na mara nyingi kuna mwenzako kwenye laini. Mimi hata mwalimu akiniita jina darasani naitikia kwa kuinua mkono. Mbele ya karatasi sioni haya sana. Na Kiswahili changu kilichoishia darasa la sita kule Tudor, Mombasa, najua hutakicheka, kwa sababu ni wewe uliyenilazimisha nisikiache.

Ninakuandikia kwa ajili ya Ochieng. Nalisema mapema ili usidhani nakuzungusha. Lakini ili uelewe inabidi nianze na kazi yangu ya likizo, kwa hivyo nistahamilie kidogo, na kama uko kwenye foleni ya mizani weka barua pembeni kwanza.

Mama alikwambia nimepata kazi ofisini Washington, nami nilimwachia aseme hivyo tu bila kuongeza. Ofisi yenyewe ni vyumba vitatu juu ya mkahawa, hatua chache kutoka stesheni ya Shaw. Napanda treni ya kijani hapa Hyattsville na baada ya nusu saa nimefika. Kazi yao ni malori. Nilipoelezwa siku ya kwanza nilikaribia kucheka, maana nilidhani nitapewa kupanga mafaili ya wanasheria. Majimbo ambayo barabara ya 95 inapita yamekubaliana kupanga pamoja mambo ambayo kila jimbo lilikuwa likifanya kivyake, ndiyo sababu wewe hupimwa uzito Georgia, ukapimwa tena Virginia, kana kwamba mzigo ulinenepa njiani. Wanataka mizani inayolipima lori huku likikimbia, jimbo moja likishakupima na lingine liamini. Na wanataka vihisi, yaani vidude vinavyofukiwa kwenye lami ya viegesho, vinavyojua kama juu yake kuna lori au hakuna. Hesabu yake iende kwenye vibao vya barabarani na kwenye simu, dereva aliye Carolina ajue mapema kwamba Maryland kumejaa.

Mkuu wangu ni Bi Edna, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Washington hii hii, mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine kichwani. Ni mtu mzuri. Alisoma kwenye fomu yangu kwamba najua Kiswahili, akafurahi sana, akasema madereva wanaozungumza Kiswahili wapo wengi kwenye njia hii na hakuna aliyewahi kuwauliza chochote. Akanipa maswali kumi na mawili niyaandike kwa Kiswahili, kisha niwahoji watu arobaini. Swali la saba lilikuwa: viegesho rasmi vikijaa, wewe hulala wapi?

Alinipeleka Jessup kwa gari lake mwenyewe, kwenye kile kituo kikubwa cha malori, akaniacha na karatasi zangu, yeye akaenda kuwahoji wasemao Kihispania. Ami, nilisimama kando ya mashine ya kahawa kwa saa mbili. Nilisikia Kiswahili mara tatu kwa masikio yangu, mara moja cha watu wa kwetu kabisa, wakibishana kuhusu bei ya matairi. Kila nilipotaka kwenda, miguu ikawa ya mtu mwingine. Nilimhoji mmoja tu, mzee wa Bukoba, na hata huyo ndiye aliyenianza, akaniuliza kama nimepotea na kama nataka anipigie mzazi wangu simu. Nikarudi na karatasi moja kati ya arobaini. Bi Edna akasema si neno, bado kuna muda.

Wiki ya pili ya Julai rasimu ya ramani ilitolewa kwenye mtandao ili watu waitolee maoni. Barabara yote imechorwa kwa buluu, na pale ambapo madereva hulala bila ruhusa pana kitone chekundu. Ukikibofya kinakuambia ni mtaa gani na malori mangapi. Baada ya siku chache pakawa na mkutano wa hadhara hapa kwetu, maktaba ya Hyattsville, saa nane mchana. Mimi nilikaa mlangoni nikigawa vibandiko vya majina. Walikuja watu kama thelathini, na dereva alikuwa mmoja tu. Ndiye Ochieng.

Hakuitwa na mtu. Aliona tangazo mahali akaja kwa siku yake ya mapumziko, amevaa shati la kanisani. Aliniita nyathina, yaani mwanangu kwa Kijaluo, kama kawaida yake, akacheka eti siku hizi nimekuwa serikali. Kisha akasimama akawaambia maneno ambayo mpaka leo ofisini wanayarudia. Aliuliza hivi: mashine ikishamwarifu kwamba kumejaa kuanzia hapa mpaka Delaware, na saa zake za kuendesha alizoruhusiwa kisheria zimebakiza dakika kumi na mbili, alale wapi, juu ya mashine? Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Alisema hesabu nzuri ya nafasi haimpi mtu nafasi, na kwamba kama wana pesa za kuchimbia vidude, wachimbie na choo.

Baada ya hapo alikwenda kuitazama ramani ukutani. Akafuata barabara kwa kidole mpaka hapa kwetu, akakifikia kile kitone. Uwanja wetu, ule wa nyuma ya duka la mazulia lililofungwa, mliokuwa mkilala kila Alhamisi. Malori kumi na moja. Alinyoosha kidole pale pale, na mtu wa gazeti la mtaa akapiga picha.

Mengine wayajua kuliko mimi. Picha ilifika kwenye kundi lenu la wasap. Siku kumi baadaye mwenye kiwanja, ambaye miaka yote hata hakumbuki kama anacho, akaweka vile vizuizi vya zege na kibao cha kuonya kwamba magari yatavutwa. Wewe mwenyewe ulifika Alhamisi ile na trela la futi hamsini na tatu, ukakuta njia imezibwa, ikabidi urudi kinyumenyume mpaka barabarani huku gari za nyuma zikikupigia honi. Baba alitusikilizisha ujumbe wako. Ulisema mtu uliyekula naye miaka tisa, aliyekufundisha kurudisha trela nyuma kwenye uwanja wa kanisa, amekwenda kuwaonyesha kwa kidole mahali ndugu zake wanapolaza vichwa, tena akapigwa picha akiona fahari. Ulisema humtaki hata kwa salamu za Idi. Wewe ndiye msimamizi wa kundi, ukamtoa. Na tangu siku hiyo wewe pia hupiti tena kwetu. Unalala kusini ya Fredericksburg, kisha unatupita.

Sasa nikupe habari za Ochieng, ambazo nadhani hazijakufikia, maana ni nani atakayekuletea. Aketch mke wake yuko zamu moja na Mama. Zamani walikuwa wakila pamoja, siku hizi Aketch hula ndani ya gari lake. Lakini wiki iliyopita walijikuta wawili kwenye chumba cha kufulia, Aketch akasema yote bila kumtazama Mama, huku anakunja mashuka. Alisema Ochieng nje ya kundi hana wa kumwambia wapi kuna nafasi. Mara mbili ameamshwa na polisi kwenye ukingo wa njia ya kutokea barabara kuu. Mara ya tatu hakupata mahali kabisa, akaendesha dakika arobaini zaidi ya saa zake, na kile chombo cha kuhesabu saa kikaandika. Kampuni yake imempa barua ya onyo, na wamemwambia hakuna ya pili, ikitokea tena basi. Aketch alimuuliza Mama swali moja tu, kama Badawi alimuuliza Ochieng kabla ya kumtoa. Mama akamaliza kukunja shuka lake. Jioni alilirudia swali hilo mezani, mimi nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ami, si Ochieng. Ni mimi.

Nimeuandika mstari huo nikauacha nusu saa, kwa hivyo ukiona wino umebadilika ni kalamu nyingine.

Ni lile daftari. Wajua lilivyoanza: uwanja unaingiza malori kumi na moja ikiwa tu yamepangwa kwa saa za kuondoka, na moja likikaa vibaya yanaingia saba, tena wa ndani hatoki mpaka wa nje aamke. Wewe ulikuwa ukinipigia Alhamisi ukiwa njiani, unanitajia nani anafika saa ngapi na nani anaondoka saa ngapi, nami nachora, nakutumia picha ya mchoro, unaitia kwenye kundi. Miaka miwili, kila wiki, kurasa mia na kitu. Na wewe kwa mzaha ukawaambia wenzako kwamba karani wa uwanja ni mzee mstaafu wa bandari ya Mombasa, mkali, hataki kupigiwa simu. Wakaamini wote. Sebastian alikuwa akimtumia salamu. Ochieng, majira ya baridi yale ya kwanza, alimletea kofia ya sufu ya kijivu, ukanipa mimi.

Niliporudi kutoka Jessup na karatasi yangu moja, nililitazama daftari kwenye rafu, nikaona mle ndani kuna madereva wote ninaowataka na sina haja ya kumsemesha hata mmoja. Kwa siku tatu nilihamisha kurasa zile kwenye jedwali la ofisi. Safu thelathini na tisa, kana kwamba ni watu thelathini na tisa niliowahoji. Majina sikuandika. Swali la saba nilijaza uwanja wetu, saa, siku na idadi. Maswali mengine niliyajibu kutokana na malalamiko yako unapokula, kwa hivyo ofisini wanaamini madereva wengi wa Kiswahili wanachukia vijiko vya plastiki.

Sijamaliza. Chini ya swali la saba palikuwa na kisanduku cha kutia tiki, kwamba mahali hapa pasionyeshwe hadharani. Nilikiona. Mimi ndiye niliyekitafsiri. Ukikitia tiki, habari inahesabiwa, lakini kitone hakitokei kwenye ramani. Nami nilitaka kitokee, Ami. Bi Edna alikuwa ameniambia kwamba hakuna mfanyakazi wa likizo aliyewahi kuleta kitu kama kile, na kwamba ramani itabandikwa ukutani. Nilitaka nipite asubuhi na kikombe changu nikione. Sikutia tiki hata moja. Nilikiona kwa siku nne, na kweli nilifurahi.

Na siku ya maktaba, Ochieng aliponyoosha kidole, hakuwa anaonyesha. Alikuwa anauliza. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, haya, na hii nayo nani amewapa? Chumba kizima ni mimi peke yangu niliyeelewa. Akageuka akanitazama, si kwa kunishuku, ni kwa sababu nilikuwa mtu pekee wa kumjibu. Nikainama nikaanza kupanga vibandiko vya majina kwa alfabeti. Kama ningefungua mdomo siku ile, pangekuwa na siku kumi za kukiondoa kitone kabla ya zege.

Jumatano nilimweleza Bi Edna. Hakupiga kelele. Alivua miwani ya machoni akavaa ya kichwani, akaniuliza daftari ni la nani. Nikasema langu. Akasema mwandiko ni wangu, lakini habari ni za watu waliokuwa wamelala. Akazifuta safu zote thelathini na tisa mbele yangu, na kitone kikaondoka. Vizuizi vya zege, alisema, hana uwezo navyo. Kisha akanionyesha kitu ambacho sikukifikiria: bila safu zile, kipande chetu kuanzia Baltimore mpaka daraja la kuingia Virginia kimebaki karibu cheupe, kana kwamba hakuna dereva anayekosa pa kulala, na mpango hautaleta kitu mahali pasipo na shida. Amesema madereva wenyewe wakikubali, habari zinaweza kurudi kwa jina la eneo tu, bila mtaa wala kitone. Mwisho wa maoni ni tarehe thelathini Septemba. Lakini safari hii waulizwe kweli.

Jana nilipanda basi mpaka Takoma Park. Nilibeba ile kofia. Aketch alifungua mlango, akaita mumewe, akaweka chai mezani akarudi jikoni, lakini nilisikia kwamba bomba la maji halifunguliwi, kwa hivyo alikuwa anasikiliza. Nilimwambia Ochieng kila kitu kwa mpangilio huu huu niliokuandikia. Kwanza alishika lile la karani. Aliuliza mara mbili kama ni kweli kwamba miaka miwili amekuwa akiamrishwa mahali pa kulala na mtoto wa shule, na kama ni hivyo, kwa nini nilikuwa nikimweka kila mara karibu na pipa la taka. Nikamjibu ni kwa sababu yeye huondoka wa kwanza na pipa liko mlangoni. Akasema ni sawa, mzee wa bandarini angefanya vile vile. Kisha akazungusha kikombe. Nilimpa kofia. Akaishika, akauliza kama inanitosha. Nikasema inanitosha. Akanirudishia.

Nilimwomba akupigie simu. Alikataa. Alisema yeye hagongi mlango wa kundi alilofukuzwa, na aliyemtoa namba yake anayo. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja saa ya kuondoka.

Baba na Mama nimewaambia leo asubuhi. Baba alikwenda kuosha gari aliloliosha jana. Mama alisema nikuandikie mwenyewe, na nisimtegemee yeye kuongeza maneno, mkate ataoka lakini maneno ni yangu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ninachokuomba ni kingine, na kimenigharimu usingizi kuliko kuungama. Mrudishe Ochieng kwenye kundi kwanza. Kisha uniingize mimi, niwasemeshe wote kwa sauti. Sitaki unisemee wala unitangulizie. Nimefanya mazoezi bafuni na simu mkononi. Nikisema polepole ni dakika moja na sekunde ishirini. Nitawaambia karani si mzee, ni mimi Time, nina miaka kumi na saba. Nitawaambia kitone nilikiweka mimi na kisanduku nilikiona, na kwamba Ochieng alikuwa anauliza swali nami nilikuwa na jibu. Halafu nitawauliza kuhusu ile ruhusa, mmoja mmoja, kwa majina yao, ambayo nayajua yote kwa saa zao za kuondoka. Watakayotaka kunijibu wanijibu wote wakisikia. Wakimaliza, unitoe.

Sauti yangu itatetemeka. Usiikate ukadhani ni mtandao.

Baba anakusalimu, anasema foklifti yake haijawahi kugusa ukuta. Mama anakusalimu na anauliza kama ulipata zile soksi. Msalimie Sebastian, na umwambie karani anashukuru kwa salamu zake zote za miaka miwili, zilikuwa zinafika.

Daftari limo ndani ya bahasha hii. Ni la kwenu, mliamue nyinyi. Nimebakiza ukurasa mmoja tu, ule wa Alhamisi ijayo, ambao bado hauna kitu.

Shikamoo yangu iko pale juu.

Mimi mtoto wa nduguyo,
Time Zuhair